Posa Alizozirudisha Kaka

Kaka yangu Haroub nilimwamini kuliko nilivyojiamini mwenyewe. Namtaja mwanzo, msije mkadhani nasimulia habari za mtu baki.

Baba alipofariki, Haroub ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Kwetu kijijini Ole mwanamme haendi kumposa mwanamke kwa mwanamke mwenyewe. Anatuma watu wazima na barua kwa walii, walii anaomba siku za kufikiri, kisha anajibu. Mie nilikuwa ndani namwogesha mama, Bi Time, aliyepooza upande mmoja. Namlisha, namgeuza. Nilianza kazi hiyo nina miaka ishirini na tano, na sasa nina thelathini na sita. Miaka yote hiyo sikusikia posa hata moja. Kila nikilia Haroub ananambia, "Rahila, mdogo wangu, tawakali. Mungu ana wakati wake. Ukiharakisha utaharibu."

Nikamwitikia amina. Nikafunga Jumatatu na Alhamisi. Nikajitazama kwenye kioo nikitafuta kasoro, nikasema labda nimerogwa. Astaghfirullah, mpaka Mungu nilimnung'unikia.

Mwezi uliopita tulikuwa kwenye arusi ya jirani, wanawake tumekaa uani tunakuna nazi. Mtu mzima mmoja wa Chokocho, Bi Mwanabaraka, akawa ananitazama mpaka nikaona tabu.

"Wewe si Rahila wa Bi Time?"

"Ndiye mie, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Yule mchumba wako wa Omani kesharudi?"

"Mchumba gani?"

Akaacha kukuna. "Ebo! Miaka saba nyuma tulikuja kumposea Pandu, mtoto wa ndugu yangu, yule seremala. Kaka yako akatujibu una mchumba yuko Omani. Pandu akaoa kwengine, na mkewe keshafariki, Mungu amrehemu. Kabla yetu walikuja watu wa Micheweni, wakajibiwa hayo hayo. Sisi tukasema mnajidai."

Nikavaa baibui langu na machicha yamejaa mikononi, nikaenda mbio.

Haroub nilimkuta barazani kwake anachambua karafuu.

"Kaka, Omani nina nani?"

Hakuuliza nina maana gani. Hapo nikajua ni kweli.

"Nani angemtazama mama?" akasema. "Mke wangu hamuwezi. Wewe una mkono mwema. Nilisema tungoje kidogo, labda atapata nafuu."

"Kumbe wakati wa Mungu ulikuwa mfukoni mwako!"

"Usikufuru, Rahila."

"Mie ndiye ninayekufuru? Mungu kaniletea mara mbili, weye ukawarudisha mlangoni, kisha ukanikalia kitako kunifundisha subira! Huna haya, Haroub. Huna hata chembe."

Nikarudi nyumbani. Ilikuwa saa ya kumgeuza mama. Nikamshika bega, nikamwuliza, "Mama, ulijua?"

Ulimi wake mzito, lakini unasema. "Niliogopa, mwanangu. Niliogopa utaniacha."

Jamani. Ya Haroub yaliniunguza, lakini hili liliniua. Nilimgeuza, nikambadilisha shuka, nikampa uji wake kwa kijiko, maana ni mama yangu. Ila siku ile sikuongea naye tena.

Kesho yake Bi Mwanabaraka alikuja. Alisema Pandu bado ananitaka, kama na mie nataka. Nilikuwa na hasira hata za kumkataa, niwakomoe wote. Halafu nikajiuliza, nitamkomoa nani? Mlango Mungu kaufungua tena, na safari hii mie ndiye niliyeusimamia. Nikamjibu nataka, nikampa na sharti langu moja la kumpelekea Pandu.

Haroub akakataa kuniozesha. Nikaenda kwa kadhi.

Kadhi akatuita sote, na Pandu pia. Akamwuliza Haroub, "Huyu Pandu ana kasoro gani? Haswali? Mlevi?"

"Hana kasoro, Shehe."

"Basi mwozeshe. Ukikataa, nitamwozesha mimi."

Haroub akainama, akasema ataniozesha. Kadhi akanigeukia kwa upole. "Na wewe, mwanangu, unaridhia? Hujaolewa kabla, kwa hiyo ukinyamaza nitajua umeridhia."

Haroub akaninong'oneza, "Nyamaza tu. Ndiyo heshima."

"Sinyamazi!" nikasema, mpaka karani akainua kichwa. "Naridhia, Shehe. Na mama yangu naenda naye. Mwenyewe Pandu kakubali."

Pandu akaitikia kwa kichwa. Haroub akaanza kulia pale pale, mtu mzima, mbele za watu. Sikumbembeleza.