Firigisi ya Mwalimu Zéphirin

Naandika haya kwa uzito wote unaostahili: siku kuku wa biolojia alipopoteza firigisi, mimi, Tina Muamba, sikuwa na hatia. Nilikuwa na jino la mbuzi mfukoni, lakini hilo ni jambo jingine.

Jumatatu mama Annie, mkuu wa bweni letu hapa Dilala, alinionya kwamba nikifanya mzaha mmoja zaidi atanirudisha kwa baba yangu, kijijini Sandoa, nikamalizie masomo yangu kwenye shamba la mihogo. Alhamisi akaja inspekta kutazama somo. Kuku aliyekwisha kunyonyolewa alilazwa chali juu ya ubao, na Stany, mwenye mikono myepesi kuliko sisi wote, akampasua na kupanga viungo kwenye sinia: njia ya chakula kwa mfuatano, moyo, mapafu na ini kando. Mimi nilingoja mwalimu ageuke nichomeke jino langu katika mdomo wa kuku. Nje pikipiki za teksi zilipiga honi, na kila honi niliisikia kama inaniita nipande na sanduku langu.

Mwalimu Zéphirin alifuata njia ya chakula kwa ncha ya kalamu. Koo, mfuko wa shingoni, tumbo dogo. Kalamu ikasimama hewani. Penye firigisi palikuwa na doa la maji tu.

Darasa zima likanigeukia. Siwalaumu. Chura wa mwezi uliopita, yule wa birika la chai, alikuwa wangu.

«Tina,» mama Annie alisema kutoka mlangoni, «toa bitu byote mu mifuko.»

«Mi sikuikamata, mama.»

«Mifuko.»

Niliomba dakika moja. Nikachungulia chini ya meza, nikapekua ndoo ya manyoya, mkono mmoja ukiwa bado umelibana jino. Ndipo nilipokumbuka jinsi Stany alivyokata: bila kutazama, kama Jumapili nyumbani kwao.

«Stany, kwenu firigisi inapewaka nani?»

«Tata, baba wa nyumba,» akajibu, kisha uso ukambadilika.

Kando ya daftari la mwalimu palikuwa na kisahani kilichofunikwa kwa kingine, kwa adabu kabisa. Mikono ya Stany ilikuwa imempa mzee wa darasa haki yake bila kumwuliza Stany mwenyewe. Mwalimu Zéphirin, mtu wa Kasai kama Stany, akakohoa. Inspekta, aliyemzidi kwa mvi, alikitazama kisahani kama mtu aliyepokwa haki yake.

Firigisi ikapasuliwa mbele yetu. Ndani mlikuwa na mahindi, mchanga na vijiwe vya kijani, vile vinavyodondoka kutoka malori ya madini. Kuku hana meno, mwalimu akaeleza; misuli hii minene ndiyo inayosaga, kwa msaada wa vijiwe.

Mama Annie hakuwa amesahau. «Sasa mifuko.»

Nikaliweka jino mezani. Mwalimu alilitazama, akanitazama mimi, na nilimwona akielewa kila kitu. Kisha akalihamishia kwenye sinia, kando ya vijiwe.

«Jino la mbuzi,» alimwambia inspekta. «Mwanafunzi Muamba amelileta tulinganishe.»

Inspekta akaandika. Mama Annie akaondoka polepole.

Nilipewa nane juu ya kumi, na Sandoa ikabaki mbali. Lakini Mwalimu Zéphirin sijamsamehe: mzaha mzuri kama ule, kuugeuza kazi ya darasani.