Pande Sita za Taa ya Bi Verlene

Nilikuwa napuliza unga wa shaba kwenye kibao cha jina cha thelathini na nne pale Bi Verlene Tolliver aliposukuma mlango wa duka langu kwa kiwiko, boksi la kofia mikononi.

"Kaka Amos, umeshafika kwenye jina langu?"

"Bado. Nafuata alfabeti. Nimemaliza S sasa hivi."

"Basi ukifika kwangu, ruka."

Nilizima mashine ili nimsikie vizuri. Tuzo za Taa zilikuwa kesho yake, Jumapili, saa kumi alasiri, na kwa miaka ishirini na miwili nimechonga vibao vyake. Ni tuzo zetu watu weusi wa huku Los Angeles, waigizaji, wanamuziki na waandishi. Kwa kuwa jina la mshindi hukaa ndani ya bahasha hadi jukwaani, huwa namchongea kila mteule kibao chake. Sherehe ikiisha, mshindi huja kwenye meza yangu kando ya ukumbi, nami namfungia kibao kwenye kitako cha tuzo. Vilivyobaki naambiwa nivitupe.

"Niruke vipi, Bi Verlene? Ukishinda?"

"Mara tano umechonga jina langu, mara tano nimerudi nyumbani na kofia tu." Aliweka boksi juu ya kaunta. "Mimi siamini ushirikina. Mimi ni mama wa kanisa. Lakini hesabu najua."

Nilidhani anatania, kwa sababu kila kitu hukisema kwa utani. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa akikunja na kukunjua utepe wa lile boksi. Alikuwa na miaka sabini na saba. Vitabu vyake vya watoto alianza kuviandika akipanga barua posta, na hiki cha sita alikwisha kuwaambia watu wote kuwa ndicho cha mwisho, macho yamechoka. Mwaka mwingine wa kuteuliwa usingekuwepo.

"Sawa," nikasema. "Nitaruka."

"Niahidi."

"Nimeahidi."

Alipoondoka nilikifunga kibao chake kitupu kwenye mashine, nikakitazama, nikakifungua tena. Nikaenda kwa jina lililofuata.

Jumapili watu walikuja moja kwa moja kutoka makanisani. Kofia ziliujaza ukumbi hadi waliokaa nyuma wakaanza kulalamika.

"Mama, hiyo kofia yako nayo imekata tiketi?" kijana mmoja aliuliza.

"Imekata, na imekaa mbele yako. Tulia."

Nilikuwa mezani kwangu karibu na mlango wa pembeni, na bisibisi, keke ya kutobolea, na kopo la biskuti ninalowekea skrubu. Ilipofika zamu ya vitabu vya watoto, msomaji alihangaika na gundi ya bahasha.

"Taratibu, mwanangu, usiichane!" sauti ikatoka mbele.

"Ichane bwana, tuna njaa!" nyingine ikajibu.

Akasoma. Verlene Tolliver.

Hakusimama. Jirani yake ilibidi amshike begani na kumwinua, na kofia ya rangi ya pichi ikapanda ngazi polepole huku ukumbi mzima ukiwa wima.

"Namshukuru Mungu na mchungaji wangu," alisema. "Na mabosi wangu wa posta. Walikuwa wananipa mapumziko ya dakika kumi na tano. Kwa dakika hizo nimewatolea vitabu sita, na hawajui hadi leo."

"Waambie, dada! Waambie!"

Nilipiga makofi kama wengine. Katikati ya makofi nikakumbuka kile kibao.

Sherehe ilipoisha alikuja mezani, akaiweka Taa yake mbele yangu kama mtu anayemkabidhi daktari mtoto. "Haya, Kaka Amos. Nivishe."

"Uliniambia niruke."

Bi Corliss Babineaux, msimamizi wa sherehe, alikuwa nyuma yake na orodha mkononi. "Umemruka nani? Amos! Miaka ishirini na miwili, leo ndiyo unasahau?"

"Mwache," Bi Verlene akasema. "Nilimlazimisha mimi." Alikuwa anatabasamu, lakini kidole chake kilikuwa kinapapasa mahali patupu pa kibao. Washindi wenzake walikuwa wanapiga picha, kila mmoja amegeuzia kamera jina lake.

Nilivuta kopo nitafute hata kibao kitupu cha kuziba. Haraka si kawaida yangu. Kopo likapinduka, skrubu zikatawanyika, na vya chini kabisa vikaanguka juu: vibao vitano vya zamani.

Aliviokota kimoja kimoja, akavisogeza karibu na macho. "*Kuku wa Jumapili*. *Treni ya Shangazi Opal*." Akanitazama. "Ulikuwa unaviweka?"

"Niliambiwa nitupe. Sikuweza."

Aliigeuza Taa kidogo kidogo kwenye kitako chake cha mti wa jozi. "Hebu hesabu pande."

"Sita."

"Na mimi najua hesabu. Vitano hivi, na cha leo."

"Haiwezekani," Bi Corliss akasema. "Hivyo ni vya miaka aliyokosa."

"Soma, mpenzi wangu. Kuna mahali vinasema nilishinda? Jina, kitabu, mwaka. Vinasema nilikuwepo tu."

Bi Corliss alisoma vyote vitano, mbele na nyuma. Kisha akaiweka orodha kwapani. "Kanuni zinataja upande wa mbele. Hizo pande nyingine hakuna aliyewahi kuziulizia."

Mti wa jozi ni mgumu, na kila kibao kinataka matundu mawili yaliyonyooka. Nilikuwa nimefunga viwili wahudumu walipoanza kukunja viti, na harufu ya kuku wa kukaanga ilikuwa imeshawaita watu wote kule nyuma.

"Acha, twende tukale," Bi Verlene akasema. "Kesho je?"

Jumatatu huwa sifungui. "Saa nne," nikamwambia. "Navimalizia hivi vitatu, kisha nachonga cha sita."

"Nitakuja na keki. Na safari hii nitakaa palepale nikuangalie unavyochonga."

Nilimwekea alama za matundu kwa penseli kwenye pande zilizobaki. Aliikumbatia Taa, akaelekea kwenye chakula, akiwaambia waliomkaribia wasiguse pale chini, alama za fundi zisije zikafutika.