Vyuma Ishirini vya Baiskeli

Kazi yangu ni kuchora majengo. Bosi wangu mafundi walimwita Kioo, kwa sababu majengo yake yote ni vioo juu mpaka chini, na kila akipita mbele yake hujitazama.

Ofisini kwetu kila jengo lilikuwa na ramani mbili. Moja ya kupelekwa serikalini ipigwe mhuri: njia ya waendao kwa miguu, miti ya kivuli, maegesho ya baiskeli arobaini karibu na mlango. Ungetamani kuhamia ndani ya karatasi. Ya pili ni ya fundi: magari tu. Zote nilizichora mimi miaka sita, na nilikuwa nalala fofofo.

Usingizi ulikatika mdogo wangu alipoibiwa baiskeli. Alikuwa mfagizi kwenye jengo letu mojawapo, akaifunga nje kwenye uzio, maana ndani mlinzi hataki kuona hata pedeli. Akachelewa kazini mara tatu, wakamfukuza. Sasa amepata kibarua kwenye jengo letu jipya, kanunua baiskeli kuukuu inayolia kama bawaba.

"Dada, hili lina pa kuiweka?"

"Kwenye karatasi, lina."

"Basi nitakuja nimepanda karatasi."

Alhamisi Kioo akaniita. Mkaguzi wa serikali anakuja Jumatatu.

"Piga mistari ya chokaa kwenye nafasi tano za magari ya wakubwa. Chokaa, si rangi, umenielewa? Mafundi waingize baiskeli zao, zipangwe vizuri. Mkaguzi akiondoka tu, mwaga maji, futa."

"Baiskeli zile zile ulizozikataza getini?"

"Kwa siku moja ni wageni wangu."

Akacheka. Nami nikacheka. Hasira ikinizidi huwa nacheka. Wanaonijua hutafuta mlango.

Nilishuka saiti kwa mchomeleaji, ambaye baiskeli yake hushinda mtaroni nje ya geti.

"Kaka, unaweza kukunja bomba likasimama kama fremu ya mlango?"

"Mimi nalikunja hata liwe pete ya uchumba. La nani?"

Nikamweleza. Akavua miwani yake ya kazi.

"Wageni? Miezi kumi namjengea ngazi, leo ndiyo baiskeli yangu imekuwa mgeni?"

Mabaki ya mabomba yalitoa vyuma ishirini, kila kimoja baiskeli mbili. Tukachimba mashimo kwenye zile nafasi tano, tukavisimamisha, tukamwaga zege. Tukavunja na ukingo wa njia ili tairi lipande bila kubebwa mgongoni. Kioo hakuona kitu. Saiti huja siku ya ukaguzi tu, vumbi linamharibia viatu.

Jumatatu mkaguzi, mama mmoja mkavu asiye na salamu ndefu, alishika chuma akakitikisa. Hakikucheza. Akavuta kwa mikono miwili. Akapima, akaandika: maegesho ya baiskeli arobaini, ya kudumu. Akamgeukia Kioo.

"Wenzako hunichorea chokaa. Hongera, mzee. Saini hapa."

Uso wa Kioo ulipita rangi zote isipokuwa yake. Akasaini. Angefanyaje?

Mkaguzi alipotoka getini, Kioo akanirukia.

"Ng'oa!"

"Ng'oa mwenyewe, bosi. Ila umeshasaini."

"Mwenye jengo ataegesha wapi?"

"Aje kwa miguu. Si anayo miwili?"

"Huna kazi!"

Mchomeleaji alipiga mluzi. Mafundi wakacheka, lakini safari hii mimi sikucheka. Arobaini! Miaka sita nimewachorea watu mia kadhaa mahali pasipokuwepo, halafu nijisifu kwa arobaini?

Nilimkimbilia mkaguzi, nikamkuta kwenye kituo cha basi.

"Mama, kuna majengo mengine kumi na moja. Yote yana mhuri wenu kwenye karatasi, na hayana hata chuma kimoja."

"Nani aliyachora?"

"Mimi."

Aliacha basi lake liondoke. Kisha akafungua ukurasa mpya.

"Anza na la kwanza," akasema. "Na jina lako liandike juu."