Shimo la Chewa la Shedli Kinyozi

Mjini Mahdia kila mtu alijua kwamba Shedli kinyozi ana mapafu, kwa sababu mwenyewe alihakikisha hakuna anayesahau. Mazoezi aliyafanyia dukani. Mteja ameshapakwa povu, wembe uko shingoni, Shedli anaziba pumzi na kuikodolea macho saa ya ukutani, uso unamwiva kama harisa ya pilipili, mkono unaanza kutetemeka. Wateja nao wakajifunza kuziba pumzi. Hakuna aliyedhurika, isipokuwa sikio la mwalimu mmoja wa hesabu, nalo lilipona.

Tena tuseme haki: kuziba pumzi nchi kavu, umeketi, ndiyo mazoezi salama kuliko yote, na Shedli angebaki hapo hapo kwenye kiti angekufa mzee. Tatizo ni kwamba alikuwa na shimo.

Shimo lenyewe lilikuwa chini ya jabali, kina cha mitende miwili, na ndani yake hulala samaki aina ya chewa, wanene kama wakwe. Alilirithi kwa ami yake. Wazamiaji wa mji ule watakuonyesha nyumba, watakuonyesha bunduki zao za mshale, watakuonyesha hata jipu, lakini shimo la chewa haonyeshwi mtu. Ndiyo maana kila mmoja huzamia peke yake. Na ndiyo maana kila baada ya miaka michache mmoja wao hukutwa akielea kifudifudi, siri yake ikiwa salama kabisa.

Safari hii chewa alitakiwa kwelikweli. Rim, binti wa pekee wa Shedli, anaolewa na kijana wa Sfax, na watu wa Sfax harusi yao haiishi mpaka maarusi waruke samaki mkubwa mara saba mbele ya ndugu wote, wapate riziki na watoto. Baba wa kijana, Haji Tijani, mfanyabiashara wa mafuta ya zeituni, alipendekeza kwa upole kwamba samaki anunuliwe sokoni. Shedli akacheka. Akatangaza mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba binti yake hataruka maiti ya barafu. Ataruka chewa aliyechomwa na baba yake mzazi, siku ile ile. Haji Tijani akasema inshallah, kwa sauti anayowawekea wateja wanaotaka kukopa.

Kwa hiyo Shedli alikuwa amejifunga mwenyewe. Asipoleta chewa Jumapili, siku ya harusi, kabla ya magharibi, atakuwa kichekesho cha Sfax nzima, na watu wa Sfax hawapotezi kitu, hata kichekesho.

Mkewe, Munia, hakulia wala hakugombana. Kaka yake alikuwa mmoja wa wale wa kifudifudi, na machozi ya habari hiyo yalishamwishia. Alichofanya ni kuyaficha mapezi ya mpira ambayo mumewe huvaa miguuni akizamia na kutoa sharti moja: ataenda na Jalul, au ataenda bila mapezi.

Sasa Jalul, fundi wa injini za boti, ndiye mtu aliyelisaka shimo la Shedli kwa miaka. Alikuwa mwembamba, mpole, na anazama muda mrefu bila kumwambia mtu, tabia ambayo Shedli aliiona ni majivuno. Shedli akawaza, akawazua, akaja na mpango ambao aliuona wa akili mno. Jalul atafungwa kitambaa machoni tangu bandarini. Wakifika atafunguliwa, lakini ana ruhusa ya kutazama chini tu. Akiinua shingo kutazama nchi kavu na kupiga alama za kumrudisha mahali pale, mapatano yamevunjika.

"Mlinzi kipofu," Jalul alisema. "Na ukifa nikurudishe wapi, nami sijui niko wapi?"

"Usiniletee uchuro siku ya harusi."

Wakaondoka hivyo. Kutoka mkahawa wa bandarini watu walitaka kujua kama bibi arusi ni huyo aliyefunikwa.

Walipofika, Shedli akajifunga kiunoni mkanda wa vipande vya risasi, uzito wa kumshusha chini, akashika bunduki, akaanza kupuliza. Alivuta na kutoa, kuvuta na kutoa, kama mivukuto ya mhunzi aliyechelewa. Vidole vikaanza kumwasha, kichwa kikawa chepesi, naye akajua nguvu zinamwingia. Mlevi naye huhisi vivyo hivyo.

"Acha kupuliza," Jalul alimwambia. "Hujazi kitu. Unaizima kengele tu, ile inayokuambia rudi juu."

Akamweleza, kwa subira ya fundi aliyezoea injini mbovu, kwamba pumzi huongezwa kwa utulivu. Lala juu ya maji, pumua taratibu kama mtu aliyeshiba. Ukipanda, pumzika mara mbili ya muda uliokaa chini, au zaidi. Na risasi hizo punguza, unajifunga kama nanga. Shedli akamjibu kwamba mapafu yake anayajua mwenyewe, akazama.

Mara ya kwanza alimwona chewa amekaa mlangoni, ametuna kama mwenye nyumba. Akapanda, akapuliza tena haraka haraka, akashuka kabla Jalul hajamaliza kumkataza. Akafyatua. Mshale ukaingia vizuri, na chewa akafanya wafanyavyo chewa: akarudi ndani, akajitunisha, akajikaza kwenye mwamba. Shedli akaweka miguu miwili kwenye jabali akavuta kamba. Alingoja tumbo limpige mateke, kama linavyopiga siku zote hewa ikipungua. Halikupiga. Akajisifu kwamba leo amekuwa samaki. Kengele alikuwa ameizima kwa juhudi zake mwenyewe.

Hatimaye aliiachia kamba akaanza kupanda. Mwanga ulikuwa mzuri sana. Aliuwaza uso wa Haji Tijani, akatabasamu.

Kilichofuata ni mtu kumpuliza machoni na kumpiga vikofi mashavuni. Miwani imeshavuliwa, kidevu kimeshikwa juu ya maji.

"Pumua, Shedli. Pumua."

Akapumua. Alikuwa amezimika zikibaki pima mbili tu afike juu, na Jalul, aliyeshuka kumpokea, ndiye aliyemalizia safari. Shedli akakohoa, akatema maji, akauliza la muhimu.

"Umetazama nchi kavu?"

"Nilikuwa nakutazama wewe, mpumbavu."

Botini Shedli alitetemeka kama mbuzi wa sikukuu, na bado akanyoosha mkono kutafuta mapezi. Jalul alikuwa ameyakalia. Leo, akasema, maji utayaona kwenye gilasi. Basi zama wewe, Shedli akasihi, chewa yuko pale na mshale wangu.

"Nikizama mimi, nani ananilinda? Wewe? Hata siku ya leo huijui."

Shedli akasema anaijua, ni Alhamisi.

Alihitajika mtu wa tatu. Jalul akampigia binamu yake Bubakar, aliyekuwa bandarini, kisha akampa Shedli simu, akageuka upande wa bahari na, kwa kuwa ni muungwana, akaziba masikio.

Shedli aliishika simu kama kaa hai. Alifikiria chewa, akafikiria wageni kutoka Sfax, akafikiria na yale maji aliyoyatema. Halafu akazitaja alama. Mnara wa taa uuweke kwenye pembe ya ngome. Kaburi la ami yangu, lile la kigae cha buluu, lifike chini ya mnara wa msikiti. Kila neno lilitoka kama jino.

Bubakar akasema sawa. Nyuma yake, mkahawani, sauti nyingine ikauliza: kaburi lipi? Simu ilikuwa kwenye spika.

Zikaja boti nne. Jalul na Bubakar walizama kwa zamu, mmoja chini na mmoja juu, wakipumzika kwanza kama watu waliokuja matembezini, wala hakuna aliyepuliza. Chewa akatoka, mzito kama kondoo. Mji mzima ulipiga makofi ukiwa umeelekeza macho kwenye mnara wa taa.

Jioni Rim alimruka chewa mara saba, gauni mkononi, anacheka. Haji Tijani akamsogelea Shedli akamwuliza kwa adabu kama ni yeye aliyemtoa samaki huyu. Shedli akafungua mdomo. Munia akamtangulia.

"Wametolewa wawili, mkwe," alisema. "Samaki, na huyu."

Haji Tijani akamtazama chewa, akamtazama kinyozi, akasema samaki ana rangi nzuri zaidi.