Nahodha Haingii Baa

Jumatatu alasiri, watoto wa Mlandege wanapokuwa chuoni wakisoma Kurani, kibanda cha gemu cha Mansour huwa kitupu kama msikiti wa saa nne asubuhi. Ndiyo maana dada yake Ulfat alipomwomba awape wanawake alasiri hiyo, hakukataa.

"Nakupa," alisema. "Lakini kiti kitupu sikitaki. Mkishindwa kukijaza kibanda, nawapa vijana wa gemu ya mpira. Wao wananiomba kila siku."

Kwa Ulfat kuomba kwenyewe kulikuwa kazi. Alikuwa msichana wa kushona kofia, mwenye kuinamia sindano tangu asubuhi, na mbele za watu ulimi wake ulikuwa mzito. Mgeni akibisha hodi, yeye hukimbilia uwani. Lakini gemu aliipenda, na alitaka wa kucheza nao.

Wakaja. Pazia likateremshwa mlangoni, mabaibui yakatundikwa msumarini, na Sumaiya, mpakaji hina asiyekaukiwa na maneno, akaleta kachori. Katika gemu zote za Mansour walichagua ya maharamia, ile ambayo watoto wameikataa kwa kuwa ina safari nyingi na vita vichache. Kilichowachosha watoto ndicho kilichowapendeza wao. Chombo kilikwenda taratibu, mabaharia waliimba, na bahari ilichorwa vizuri hata Mwanaasha, bi harusi aliyeletwa mjini kutoka Makunduchi, akasogea karibu na kioo kuitazama.

"Haya ndiyo maji ya kwetu, bahari ikitoka siku za bamvua," alisema. "Kijani, halafu buluu, halafu huoni tena."

Yeye ndiye aliyepewa padi ya kuchezea. Vidole vyake vilizoea kufunga mwani kwenye kamba, havikuchoka upesi. Ulfat alikaa kando yake akimwonyesha kitufe kwa kidole, bila ya kusema.

Mkubwa wao alikuwa Bi Wanu, mpishi wa shughuli, mwanamke aliyezoea kuamrisha masufuria na watu. Nahodha wa kwenye gemu alikuwa na ndevu nyekundu na jicho moja. Bi Wanu akampa jina la Makungu, jina la mjomba wake, na tangu siku hiyo nahodha akawa mtu wa nyumbani. Chombo hakikung'oa nanga bila ya Bismillahi. Jahazi za wafanyabiashara walizipita kwa salamu.

"Muwacheni apite, ana watoto huyo," Bi Wanu alisema. "Tutamnyang'anya haramia mwenziwe."

Na gemu ilikuwa na kasoro zake, hawakuzificha. Chombo kiligeuka kwa shida kama ng'ombe aliyeshiba. Vita vilikuwa vile vile kila mara, panga mbili juu, moja chini, adui chali. Ramani ilikuwa na mikunjo mingi, mtu akiitazama alizidi kupotea. Yote hayo waliyavumilia. Kasoro iliyowashinda ilikuwa moja: gemu haikukumbuka kitu. Walisafiri alasiri nzima, wakapata chombo kizuri, joho la mahameli, na machungwa ya mabaharia, na Jumatatu ya pili wakiwasha, Makungu yuko peke yake ufukweni, suruali imechanika, hana hata mtumbwi.

"Miye nimechoka kumlea huyu," Sumaiya akasema siku moja. "Kila wiki anazaliwa upya, na kila wiki hana nguo."

Watu wakaanza kupungua. Mmoja alisema ana mgonjwa, mwengine ana ugeni, na mwishowe walibaki wao wanne tu. Mansour alivihesabu viti vitupu, na Ulfat alijua maana ya hesabu ile.

Usiku wa siku hiyo, akimwekea kaka yake chakula, akamuuliza kwa nini gemu haina kumbukumbu. Mansour akacheka mpaka akapaliwa na mchuzi.

"Gemu ni nzima. Inasevu ndani ya baa. Kila bandari ina baa, ule mlango wenye taa nyekundu. Nahodha anaingia, anakaa, anakunywa, ndipo inaandika alipofika. Nyinyi hamkuingia hata moja?"

Hawakuingia. Kila bandari Makungu alinunua machungwa, akaupita mlango ule, akarudi chomboni. Hakuna aliyeamrisha, nani angempeleka mjomba wa Bi Wanu baa?

"Hamna pahala pengine pa kusevu?" Ulfat aliuliza.

"Hamna. Aliyeitengeneza kaona haramia bila ya ulevi si haramia. Waambie wenzako."

Kuwaambia ndiko kulikomshinda. Jumatatu iliyofuata alikaa kando ya Mwanaasha neno likiwa mdomoni kama kokwa ya tende, si la kumeza si la kutema. Kila alipomtazama Bi Wanu, alimwona ametulia na tasbihi mkononi, naye akarudi kwenye kachori yake. Walifika mbali siku ile, mpaka kisiwa chenye mlima wa moshi. Kisha wakazima, na vyote vikapotea.

Sumaiya alivaa baibui lake polepole. "Wenzangu, nawapenda. Lakini wiki ijayo msinitegemee."

Mansour alingoja mpaka wote wakaondoka. "Dada, mimi sina ugomvi nawe," alisema. "Lakini wiki ijayo ikiwa hivi, basi. Vijana wameniuliza tena."

Ulfat hakulia. Alikwenda kwa Sumaiya kesho yake, akasimama mlangoni mpaka akaulizwa kama anataka hina, akasema hataki, akasema aje Jumatatu, mara moja tu. Sumaiya hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi kiasi kile kwa mara moja. Alishangaa, akakubali.

Jumatatu ikafika. Walicheza, wakatia nanga bandari ya kwanza, Makungu akanunua machungwa. Alipoukaribia mlango wa taa nyekundu na Mwanaasha akataka kumpitisha, Ulfat akamshika mkono.

"Msimamishe."

Wote wakamgeukia. Uso ulimuwaka.

"Gemu si mbovu," alisema, macho yake kwenye jamvi. "Inasevu humo ndani. Nnajua, wiki mbili sasa. Niliona haya kusema."

"Humo ndani mna nini?" Bi Wanu aliuliza.

"Baa, Bi Wanu."

Sumaiya akacheka peke yake, akanyamaza. Bi Wanu alizungusha punje moja ya tasbihi.

"Kuingia tu si kitu," alisema hatimaye. "Marehemu mume wangu, Mungu amsamehe, alikuwa na siku zake. Nani aliyekuwa akimtoa kule? Nikivaa baibui langu, nikaingia, nikamshika mkono, nikatoka naye. Mbona sikulewa."

Hakuna aliyewahi kulisikia hilo. Mwanaasha aliinamisha kichwa kwa heshima. Hapo Ulfat angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa umeshafunguliwa. Lakini alijua Bi Wanu angekiona kikombe kwa macho yake, na angejua kuwa amefichwa jambo.

"Si kuingia tu, Bi. Lazima anywe. Asipokunywa, haiandiki."

Feni ilizunguka.

"Hatujamwona akisali tangu tumjue," Mwanaasha alisema kwa sauti ndogo. "Labda si mwenzetu."

"Na zile ndevu," Sumaiya akatia, "na lile jicho. Mzungu wa watu, sisi tumemvisha jina."

Bi Wanu alimtazama Makungu aliyesimama kwenye kioo akingoja, akihema kama wanavyohema watu wa gemu, mabega juu, mabega chini.

"Ni kweli, jina nimempa mimi," alisema. "Na mjomba wangu hakunywa hata siku moja. Basi hivi. Akivuka kizingiti kile, si Makungu. Muiteni Kapteni. Afanye ya kwao. Akitoka nje, Makungu wetu."

"Na kile kikombe?" aliuliza Sumaiya.

"Kikombe ni juu yake na aliyemchora."

Mwanaasha akabonyeza. Kapteni akaingia, akakaa, akaletewa kikombe kilichofura povu. Alipokiinua, Bi Wanu alijifunika uso kwa upande wa mtandio, na Sumaiya akajifunika pia, akichungulia kati ya vidole.

"Keshamaliza?" Bi Wanu aliuliza.

"Bado, ana kiu kweli huyu."

Pembeni mwa kioo pakatokea nanga ndogo, ikazunguka, ikatoweka. Ulfat aliijua alama ile kwa maelezo ya kaka yake.

"Keshaandikwa," alisema. "Mtoe."

"Toka, mwanangu, toka," Bi Wanu alihimiza, na Makungu akatoka kwenye mwangaza wa bandari, akiyumba kidogo.

Habari ile ilikuwa tamu kuliko kachori, na Sumaiya hakuiweka tumboni. Aliitoa kwa kila mkono alioupaka hina wiki nzima. Jumatatu iliyofuata waliokuja walikuwa wengi hata Mansour akaazima mabenchi ya jirani. Walipowasha, Makungu alikuwa pale pale walipomwacha, bandari ya mwisho, joho mwilini na chombo chake nyuma yake, na wanawake wakampigia vigelegele kama aliyerudi kutoka Hija.

Chombo bado kiligeuka kama ng'ombe. Vita bado vilikuwa panga mbili juu, moja chini. Ulfat aliwaeleza wageni hayo yote mapema, wasije wakasema wamedanganywa, na alieleza kwa sauti ambayo hata waliokaa nyuma waliisikia.

Mansour alipiga hodi nje ya pazia. "Ulfat, vijana wa mpira wako hapa. Niwaambie nini?"

"Waambie Jumatatu ina wenyewe," alijibu, akapokea padi kutoka kwa Mwanaasha, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika.