Kibao Kimoja kwa Watu Ishirini

Kola ya mia na arobaini ilipotoka chini ya sindano, mguu wa kushoto wa Mama Kola ulikuwa umekufa ganzi tena. Alivuta shati jingine akaendelea. Kiwandani hapa mtu hanyanyuki ovyo: mstari wa washonaji ishirini una kibao kimoja cha mbao cha ruhusa, na asiyekishika haachi cherehani yake.

Mfukoni alikuwa na karatasi ya zahanati. Asubuhi muuguzi alimpima presha mara mbili, akaguna.

"Mama, mishipa yako ya damu inakakamaa. Utando wake wa ndani hutengeneza gesi, naitriki oksaidi, inayoulegeza mshipa damu ipite. Umri ukienda, gesi hiyo hupungua."

"Gesi? Mbona ninayo tele tumboni!"

Muuguzi alicheka. "Si hiyo, mama. Meza vidonge hivi, usiache. Na utembee. Ukitembea damu hukimbia, na mshipa huchokozwa uitoe hiyo gesi. Kila saa inuka dakika tano. Kukaa kutwa kunakumaliza."

Dakika tano! Na kibao chenyewe kilibuniwa na nani, kama si yeye? Miaka kumi na miwili nyuma, akiwa kiongozi wa mstari, alitaka sifa kwa wakubwa, akalipeleka wazo ofisini kwa miguu yake mwenyewe. Walimpongeza sana.

Kisha Mama Vifungo, shoga yake wa chanda na pete, akaja kumwomba. "Shoga, niache ninyooshe miguu kidogo. Inawaka moto."

"Subiri zamu yako," alimjibu. "Hapa si kwenu."

Mwaka uliofuata Mama Vifungo alipigwa na kiharusi, na mpaka leo analishwa kwa kijiko. Hakuna daktari aliyesema kilitokana na kukaa. Mama Kola hakumhitaji daktari. Majuto ni mjukuu, husema watu. Wa kwake alishaota ndevu.

Saa sita akamwonyesha msimamizi karatasi, akaomba zile dakika tano za kila saa. Kijana yule aliisoma, akamrudishia.

"Nikikuruhusu wewe, mama, kesho wote watakuja na karatasi. Kwani utaratibu huu si uliuleta wewe?"

"Niliuleta, mwanangu. Nilikosea."

"Basi kosa lako limetufaa sana. Rudi ukae."

Hakukaa. Alisimama kando ya cherehani yake, akapaza sauti mstari mzima umsikie.

"Jamani, miguu haiwaumi? Simameni tumwombe pamoja! Hawezi kutufukuza sote."

Cherehani ziliendelea kunguruma. Aliyekuwa jirani yake, binti ambaye yeye mwenyewe alimfundisha kushika mkasi, alivuta shati karibu zaidi na sindano, macho chini. Mama Kola alingoja. Hakuna aliyeinua hata shingo, naye hakuweza kuwalaumu. Kengele haijalia, kichwa chini: yeye ndiye aliyewafunza hivyo, mmoja mmoja, na wote walikuwa wamefuzu.