Aproni za Asubuhi

Aproni ziliruka juu ya geti zikiwa bado na damu ya jana, nasi tukazirukia. Aliyedaka alipata kibarua cha siku ile. Aliyekosa alirudi nyumbani. Ndivyo kichinjio kile cha kuku kilivyotuajiri, miaka nenda miaka rudi. Nimeona mama za watu wakivuana vitambaa vya kichwa wakigombea tambara linalonuka matumbo, na nyapara amekaa juu ya kreti, anacheka mpaka anafuta machozi. Hata leo nikinusa manyoya yaliyomwagiwa maji ya moto, natema mate.

Nilikuwa mjane. Mwanangu alikwenda kutafuta maisha, akapotelea huko; nikabaki chumba kimoja na mkewe na mtoto anayenyonya. Sote wawili, mimi na mkwe wangu, tulirukia aproni. Kila alfajiri nilimwomba Mungu kazi ya kudumu, isiyorukiwa.

Nikaipata.

“Mama Sala,” nyapara aliniambia, “wewe hugombani, hutukani. Kuanzia kesho umeajiriwa, mwezi hadi mwezi. Kazi yako ni kurusha.”

Mkwe wangu alinishika mikono. “Mama, tumetoka.”

Kesho yake nilifungua geti kidogo, nikaanza kugawa aproni mkononi, kwanza kwa waliokosa jana. Wanawake walishangaa, kisha wakapanga foleni wenyewe. Kelele zilibaki za kuku tu.

“Unafanya nini?” nyapara akauliza.

“Nagawa.”

“Nimekuajiri urushe. Leo wakipanga foleni, kesho wataomba likizo.”

“Bwana, hawa si kuku.”

“Kuku nawanunua, Mama Sala. Hawa wanakuja wenyewe.” Akanisukumia aproni kifuani, mbichi, ya baridi. “Rusha. Au toka ukadake nao.”

Nilitema mate. Sikujua kama ni ile damu au ni yeye. Niliiweka aproni juu ya kreti lake, nikatoka nje ya geti.

Akairusha mwenyewe. Ilipita juu ya kichwa changu, na foleni ikavunjika kama haikuwahi kuwepo. Walivutana, wakakanyagana. Aliyeinuka nayo alikuwa mkwe wangu, maziwa yamemlowesha kifua.

Hakunitazama. Alijaribu kuifunga mgongoni, kamba zikamshinda.

Nikamgeuza, nikamfungia.